Vijiti 12 vya haibiskasi kutoka kwa mama Muheza: shajara yangu ya 2024

Jumapili 31 Machi

Nimekuja Muheza kula Pasaka na mama, nimekuta kaka kashashusha tofali. Ua wa mama unakatwa wiki ijayo (ua wa fensi namaanisha, ingawa na wenyewe ni wa maua) anajenga ukuta. Sina neno, wezi wa kuku wamezidi. Ila hizo haibiskasi nyekundu zipo tangu sijaanza darasa la kwanza, tulikuwa tunachuma ua tunafyonza kile kitamu cha kule chini kwenye kikonyo, na mama alikuwa anaponda majani mpaka yanatoa utelezi kama mlenda anatuoshea nywele, kumbe ndo maana, bamia na haibiskasi ni ukoo mmoja.

Basi nikachukua kisu. Nimekata vijiti 12, nimechagua ile sehemu ya katikati ya tawi, sio ncha laini ya kijani maana inaoza haraka, na sio mti mgumu wa kule chini ambao unachelewa. Unene kama penseli, urefu kama sentimita 15, kila kimoja kina macho manne au matano (jicho ni pale jani linapotokea). Chini nimekata mshazari, chini kidogo tu ya jicho, juu nimekata bapa, hii ni muhimu maana ukishatoa majani vijiti vinafanana huku na huku. Majani nimebakisha mawili juu, tena hayo mawili nimeyakata nusu yasinywe maji sana.

Mama ananiangalia tu. "Mwanangu, Dar hakuna maua?"

Jumatatu 1 Aprili

Safari. Mifuko ya plastiki si ilipigwa marufuku toka 2019, na kwa kweli sikuihitaji, nimevifunga vijiti kwenye kitambaa cha kanga kilicholowa halafu juu nikazungushia jani la mgomba nikafunga na kamba. Vimekaa juu ya gunia la machungwa mpaka Dar, vimefika vibichi kabisa. Usiku huu huu nimevitumbukiza kwenye ndoo ya maji, nimechoka mbaya, kupanda ni kesho.

Jumanne 2 Aprili

Nimepanda. Mchanganyiko wangu ni mchanga wa ujenzi niliouosha mara tatu, plasi makumbi ya nazi niliyoyachambua kwa mikono, nusu kwa nusu. Mbolea hakuna, kijiti hakina mizizi ya kulia chakula na samadi inaleta kuoza. Nimetumia viriba vile vya miche, macho mawili ndani ya udongo, mawili nje.

Watu wanasema alovera inasaidia kutoa mizizi so nimejaribu, vijiti 6 nimevipaka ule utelezi wake na 6 nimeviacha. Nimeviandika namba kwa maka peni, 1 mpaka 6 ndo vya alovera. Juu nimefunika na chupa za maji za lita moja na nusu nilizozikata kitako, kifuniko nimetoa ili pumzi ipite. Nimeviweka upande wa nyuma wa nyumba ambako kuna mwanga ila jua halipigi moja kwa moja.

Jumapili 14 Aprili

Mvua haina mchezo mwaka huu. Kama mko Dar mnajua. Vijiti vitatu (2, 8 na 11) vimekuwa vyeusi kuanzia chini kwenda juu, ukiminya ni laini, vimeoza. Kosa langu, nilikuwa nawamwagia kila siku wakati chini ya chupa kuna unyevu wa kutosha, matone yanaonekana kabisa ukutani mwa chupa mimi bado namwaga. Nimevitoa na udongo wake nimeutupa mbali. Sasa hivi naingiza kidole kwanza, kikitoka na unyevu naondoka.

Vilivyobaki 9 vina nini? Vinne vimeanza kuchomoza vijani vidogo. Nimerukaruka kama mtoto.

Ijumaa 3 Mei

TMA, watu wa hali ya hewa, wametangaza kimbunga Hidaya kinakuja pwani. Viriba vyote nimeviingiza ndani, vipo jikoni pembeni ya jiko la gesi. Mama mwenye nyumba kapita kaona kaniuliza "hizo ndo mboga?" nikamwambia hapana mama, ni maua, akaguna akaenda.

Jumapili 19 Mei

Leo ni wiki ya saba karibu, nimefanya ukaguzi. Na hapa nataka niseme kitu ambacho mimi nilidanganyika nacho: majani sio mizizi. Kijiti kina akiba yake ndani, kinaweza kutoa majani hata matano bila mzizi hata mmoja, halafu akiba ikiisha kinanyauka siku moja unabaki unashangaa nani karoga. Namba 9 ndo ilikuwa nzuri kuliko wenzake wote, nimekivuta kidogo kwa vidole viwili kikatoka chote, cheupe, hakuna kitu. Ukivuta taratibu kikashikilia, hapo ndo kuna mizizi.

Na namba 12, aibu hii, niliipanda kichwa chini. Pamoja na ujanja wangu wote wa kukata mshazari. Macho yanaangalia ardhini.

Kwa hiyo hesabu: 12 toa 3 walioza, toa namba 9, toa namba 12, wamebaki 7. Walionusurika wa alovera ni 1, 3, 4, 5, 6 na wasio na alovera ni 7 na 10. Watano kwa wawili. Ila ukiondoa yule wa kichwa chini ambaye alovera isingemsaidia, na ukikumbuka vile vijiti vya 1 mpaka 6 nilivikata kwenye tawi moja zuri na vingine nilikuwa naokoteza maana giza lilikuwa linaingia, mimi siwezi kusema ni alovera. Mwakani nachanganya matawi.

Jumapili 2 Juni

Wote 7 wamehamia kwenye ndoo za rangi za lita 10, nimezitoboa chini matundu sita sita kwa msumari wa moto. Udongo sasa ni wa chakula: sehemu mbili udongo wa juu mweusi, moja samadi ya ng'ombe iliyoiva (ukiinusa haina harufu, hiyo ndo imeiva), moja makumbi ya nazi. Samadi ya kuku jirani alinipa bure nikakataa, ile mbichi inaunguza.

Sijaweka visahani chini ya ndoo na sitaweka. Maji yakituama pale wale mbu wa dengi wanaouma mchana wanazaa humo, 2019 nililala wiki nzima macho yanauma mpaka kwa nyuma. Sakafu ichafuke tu.

Wapo upande wa mashariki, jua wanapata tangu asubuhi mpaka kama saa 7 mchana. Haibiskasi bila jua la masaa sita hivi kwa siku itakupa majani mazuri tu, maua utayasikia kwa wenzio.

Kila mche uliofika sentimita 20 nimeukata ncha. Roho inauma, ila ukikata ncha unatoa matawi mawili matatu badala ya kurefuka kama mlingoti, na maua yanatokea kwenye machipukizi mapya, so matawi mengi ni maua mengi. Gharama yake ni unachelewesha ua la kwanza.

Jumapili 7 Julai

Sabasaba. Nimepita kwa wauza miche barabarani nikashindwa kujizuia, nimenunua haibiskasi ya njano ya kubebana, petali zimejaa kama kabichi, elfu 15 na vitumba vinne. Muuzaji aliniambia ni ya nje. Pembeni alikuwa na ile nyingine ambayo ua linaning'inia kichwa chini, petali zimechanikachanika kama shada na ule mkonga wa katikati mrefu unabembea, nikamuuliza hii nayo ya nje? Akasema ndio, ya Japani. Sasa hiyo ndo inachekesha, hiyo ya kuning'inia (Hibiscus schizopetalus) asili yake ni misitu ya pwani ya Kenya, Tanzania na Msumbiji, ni ya kwetu kabisa, na wazalishaji wa dunia nzima wameichanganya na nyingine kupata hizo rangi za ajabu. Hii nyekundu ya mama ambayo sote tunaiona ya kienyeji ndo mgeni, jina lake rosa-sinensis maana yake waridi la China, Linnaeus kaliandika 1753.

Ya kuning'inia sikununua, hela ilikuwa imeisha. Nitarudi.

Jumatano 10 Julai

Vitumba vyote vinne vya ile ya njano vimedondoka. Vikiwa vimefungwa, vya kijani, pu chini. Nimesoma sana usiku: ukiihamisha kutoka kivulini kwenye wavu wa muuzaji kuja kwenye jua kali, au ukiiacha ikauke siku moja halafu ukaizamisha, inatupa vitumba kwanza ili iokoe majani. Sawa, nimeelewa. Elfu 15 yangu lakini.

Jumapili 21 Julai

Shida kubwa ndo hii sasa na nitaieleza kwa kirefu maana imenila wiki tatu.

Miche yangu minne imeanza kuwa ya njano. Kwanza nikadhani ni maji mengi. Nikapunguza, haikusaidia. Nikaenda duka la pembejeo wakaniuzia mbolea ya DAP, nikaweka kijiko cha chakula kila ndoo, wiki hiyo hiyo kingo za majani zikaanza kuungua rangi ya kahawia. Baadaye ndo nakaa nasoma mfuko, 18-46-0, yaani fosforasi 46 na potasiamu sifuri, wakati haibiskasi watu wote wanaozijua wanasema fosforasi nyingi haipatani nayo, inataka potasiamu. Na mimi nimempa kijiko kizima kwenye ndoo ya lita 10, chumvi tupu.

Ila DAP ilikuta tatizo lipo tayari. Nilichokuwa sikiangalii ni *jani lipi* linakuwa la njano. Majani ya chini ya zamani yakiwa njano moja moja yakadondoka, hiyo kawaida, mti unazeeka chini. Yakiwa njano mengi ya chini kwa mpigo, angalia maji au njaa ya naitrojeni. Yangu yalikuwa ni majani MAPYA ya juu, njano, na mishipa imebaki kijani kama mtu kachora kwa kalamu. Hiyo ni mche unakosa madini ya chuma. Na mara nyingi chuma kipo kwenye udongo, ila udongo umepoteza uchachu na mizizi haiwezi kukichukua.

Sasa uchachu umepotezwa na nini? Maji. Tangu masika yaishe namwagia maji ya kisima cha hapa nyumbani, na visima vingi vya Dar mnavijua, sabuni haitoi povu, birika linaota ukoko mweupe ndani. Nikaangalia juu ya udongo kwenye ndoo, ukoko mweupe ule ule. Wiki saba mimi nalisha maua chumvi na chokaa.

Nilichofanya:

Nimekwangua ule ukoko nikatupa. Kila ndoo nimeipitishia maji mazuri mengi, kama lita 20 polepole mpaka yanatoka chini, ili yaoshe chumvi na DAP. Nimenunua madumu, 500 kwa dumu, mume wangu kauliza tunafua nini. Pipa la maji ya mvua nililokinga Aprili na kulifunika (mbu tena) lilikuwa limebaki nusu, hilo nimelitenga kwa ajili ya miche mitatu, namba 1, 3 na 5, na wengine wanne nimewaacha wabaki na maji ya kisima ila wanaoshwa kila Jumapili kwa dumu moja. Nataka nione tofauti kwa macho yangu. Majivu ya jikoni ambayo nilikuwa nawawekea kila wiki nimesimamisha, yana potasiamu kweli ila yanaondoa uchachu, nilikuwa naongeza moto kwenye moto.

Alhamisi 8 Agosti

Nanenane, nipo nyumbani. 1, 3 na 5 wanatoa majani ya kijani juu. Yale ya njano ya zamani hayajarudi kijani na nadhani hayatarudi, angalia yanayozaliwa tu. Wa kisima: namba 4 na 6 wana nafuu kidogo, 7 na 10 wako vile vile.

Halafu nageuza jani la namba 3 nakuta pamba. Vidung'ata, wale wadudu weupe wanaofyonza mmea. Vimejazana kwenye maungio ya majani na sisimizi wanapanda na kushuka kama barabara ya Mandela saa 12 jioni. Sisimizi ndo wachungaji wao, wanakunywa ule utamu vidung'ata wanaotoa na wanawalinda na wadudu wanaowala, hata kuwahamisha wanawahamisha. Nimefuata msafara wa sisimizi umenipeleka moja kwa moja mpaka kwa ile ya njano ya elfu 15. Kumbe ilikuja nao, na mimi niliiweka katikati ya wenzake siku ile ile. Mche mpya ukae peke yake wiki mbili tatu, hilo nimelilipia.

Jumapili 11 Agosti

Nimefanya uchizi mwingine. Nilipuliza maji ya sabuni ya unga ya kufulia, saa 6 mchana, juani. Majani ya namba 7 yameungua kama yamepigwa pasi.

Dawa sahihi nimepewa na jirani anayelima mchicha: sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji, na majani ya mwarobaini yaliyopondwa yakalala usiku kucha kwenye maji yakachujwa. Unapuliza jioni jua likishazama, chini ya majani, kila baada ya siku tano, mara tatu nne. Kabla ya kupuliza unafuta vile vinavyoonekana kwa mswaki wa zamani. Miguu ya meza niliyowekea ndoo nimeisimamisha kwenye vikopo vya oili chafu, sisimizi hawapiti.

Jumapili 8 Septemba

Vidung'ata wamekwisha, au wamejificha. Namba 7 alikufa. Namba 10 kuku wa mama mwenye nyumba kamchimbua mara mbili, ya pili hakuamka. Ile ya njano nimeikata mpaka chini na nimeipeleka karantini nyuma ya choo.

Wamebaki 1, 3, 4, 5, 6. Nawapa mbolea ya NPK 17-17-17 nusu kijiko cha chai mara moja kwa mwezi kwenye udongo uliolowa, na chai ya samadi (maji yaliyolowekwa samadi) katikati. Maganda ya ndizi nimejaribu kuyazika, yameleta nzi tu.

Watu wawili wameniuliza kama nitatengeneza juisi. Hapana jamani, ile ya juisi nyekundu ni choya, rozela, Hibiscus sabdariffa, ndugu yake ila inapandwa kwa mbegu na kuisha msimu mmoja, Dodoma wanailima sana, na kinachochemshwa sio petali ni vile vikombe vyekundu vinene vinavyobaki ua likishaanguka. Hii yangu ni ya kuangalia.

Alhamisi 3 Oktoba

Namba 3 imechanua na SIJAIONA.

Jana usiku niliona kitumba kimerefuka kina ncha nyekundu, nikajua ni kesho. Natoka saa 11 alfajiri kuwahi gari, giza, kimefungwa. Nimerudi saa 2 usiku, kimejisokota kama sigara, kesho kinadondoka. Haibiskasi ya aina hii ua ni la siku moja, linafunguka asubuhi linafunga jioni, nililijua hilo toka utoto ila utotoni nilikuwa nashinda nyumbani. Binti wa jirani kasema lilikuwa zuri. Picha hakupiga, simu haikuwa na chaji.

Jumatatu 14 Oktoba

Sikukuu ya Nyerere, hakuna kazi. Saa 12 na nusu asubuhi nipo kwenye kiti cha plastiki na chai. Namba 3, ua la pili. Petali zilianza kuachiana moja moja, saa 2 lilikuwa limefunguka lote, jekundu, na mkonga wake umesimama na chavua ya njano. Nimelipima kwa rula, sentimita 11. Namba 5 ina vitumba vitatu.

Nimempigia mama picha nikamtumia, nikampigia na simu.

"Shikamoo mama. Umeliona?"

"Marahaba. Nimeliona. Lakini hili si langu mwanangu, langu lilikuwa limeiva zaidi."

Nikamwambia mama, kijiti ni mti ule ule, hakuna mbegu hapo, hakuna baba, ni lile lile la kwako. Simu ndo inafifisha wekundu. Akasema hapana, analijua lake, anaona hata sasa hivi.

Unaona wapi mama, si waliukata?

Kumbe kaka alikata haibiskasi zote hakung'oa visiki. Kimoja cha pembeni ya bafu, panapomwagika maji ya kuogea, kimechipua nje ya ukuta toka Juni, na kimetoa ua la kwanza Agosti. Hajampa mbolea, hajampulizia chochote. Hakuniambia kwa sababu, anasema, sikuuliza.

Kamtuma mjukuu apige picha nayo imefika. Nimeziweka mbili pembeni kwa pembeni kwenye simu na kwa kweli la kwake limeiva zaidi kidogo. Desemba nambebea namba 3 kwa basi, tuyaweke pamoja juani.